Cherehani Yenye Aibu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, shangazi yangu alinituma ofisi ya gazeti nikaweke tangazo la kuuza cherehani yake. Tulikaa Mji wa Kale, nyuma ya Ngome. Binti yake alikuwa karibu kujifungua huko Lamu, uzazi wa kwanza, na shangazi hakuwa na nauli nyingine ila cherehani ile.

Mimi kijana wa ndoto nyingi, njia nzima nilipanga maneno matamu ya tangazo. Yeye alitaka yaongezwe mawili tu: ina aibu. Kwetu, kama ujuavyo, aibu ya kitu ni kasoro yake. Lakini karani hakuwa mtu wa pwani, na alikuwa mcheshi.

"Cherehani ina aibu? Kwani imefumaniwa?"

Ofisi nzima ikacheka. Nami nikacheka, huku natamani kuyafuta maneno yale mawili. Nikayaacha, kwa kumwogopa shangazi.

Hakuja mtu ila mama mmoja wa Tononoka, mshona sare za shule. Shangazi akamkaribisha kahawa, kisha akashona khaki nzito mbele ya macho yake. Sindano ikawa yaruka mishono; ndiyo aibu yenyewe, kitambaa kizito haikiwezi. Yule mama akashukuru, akajitanda leso yake, akenda zake.

Nikalalamika. Kitambaa laini kilikuwa pale pale, kingepita bila shida, na nauli tungekuwa nayo.

Shangazi akanijibu taratibu, "Mimi naijua tangu ujana wangu, yeye ameiona leo. Nimfiche ninalolijua, aharibu sare za watu?"

Baadaye mama yule akamleta nduguye, mshona mabuibui ya kitambaa chepesi, na cherehani ikauzwa. Lakini habari ya Lamu ilikuwa imeshafika: mtoto amezaliwa, mikono mingine imempokea. Shangazi alizishika zile fedha akalia kimya. Neno la kujuta sikulisikia.

Nyinyi leo mwauza kwa simu. Picha mwaipiga upande mzuri, na mnunuzi yuko mbali, hana pa kukigusa kitu. Basi mwanangu, piga na upande uliopasuka. Taja kasoro kabla ya sifa. Pengine utamkosa mnunuzi, na itauma; sikudanganyi, nimeiona ikiuma. Hata hivyo, sema.

Mola akupe riziki utakayoila bila kuinamisha uso, na akufikishe kwa uwapendao mapema. Amina.