Neno Lililofunga Disketi ya Baba

Siku tatu kabla ya mazishi ya baba yangu, hakuna aliyejua kaburi lichimbwe wapi. Jibu lilikuwapo. Alikuwa ameliandika kwenye kompyuta kwa vidole vyake mwenyewe. Lakini lilikuwa ndani ya disketi iliyofungwa kwa neno la siri, na aliyelijua neno hilo alikuwa amelazwa katika chumba cha maiti mjini Kisii.

Hiyo ilikuwa miaka ya mwisho ya tisini. Mke wa kaka yangu alikuwa na ofisi ya kuchapa barua juu ya duka la vifaa vya kuandikia, duka la familia ya Wahindi waliokuwa mjini tangu sisi hatujazaliwa. Kompyuta yake ilikuwa moja, kuukuu, imefunikwa kitambaa cha kufuma kila jioni kama redio ya ukumbi. Watu walimletea barua za kuomba kazi, kadi za harusi, na zaidi ya yote, historia za marehemu. Kwetu hakuna anayezikwa bila historia yake kusomwa mbele ya watu: alizaliwa wapi, alisoma wapi, alioa nani, aliacha watoto wangapi, na usia wake kama upo.

Baba alikuwa mwalimu mkuu aliyestaafu, na alihudhuria mazishi mengi. Mwaka mmoja kabla ya kifo chake alikwenda kumzika rafiki yake karibu na Nyamira, akasikia historia ikisomwa na nyumba nzima ya mke wa pili imerukwa. Mama huyo alikuwa ameketi hapo hapo penye jeneza. Baba alirudi nyumbani hakula. Wiki iliyofuata alimtumia mkaza mwanawe ujumbe kwamba yeye historia yake ataisema mwenyewe, akiwa hai.

Namna walivyofanya kazi hiyo ndiyo iliyotuletea shida. Wasioijua Gusii inafaa niwaeleze kuhusu chinsoni, yaani haya iliyopo kati ya mtu na mke wa mwanawe. Hawapeani mikono. Hawaketi bega kwa bega. Baba haingii chumba anacholala mkaza mwanawe, wala hakalii kiti ambacho mkaza mwanawe ametoka kukikalia. Kwa hiyo baba aliketi kwenye benchi karibu na dirisha, akitazama barabara, na wifi yangu akaketi mbele ya mashine akiwa amempa mgongo. Baba alisema, yeye alichapa. Kurasa sita zilikwisha hivyo kwa muda wa wiki kadhaa, wala hawakutazamana.

Ukurasa wa saba alisema atauchapa mwenyewe. Aliuliza pia kama maneno yanaweza kufungiwa mtu asiyaguse. Wifi akamwambia inawezekana, mashine itauliza neno la siri mara mbili, kisha bila neno hilo haitafungua. Alimwandalia kila kitu, akatoka nje akasimama barazani. Baba alichapa akiwa amesimama, ameinama juu ya meza, kwa sababu kiti kilichokuwapo kilikuwa cha mkaza mwanawe. Tangu siku hiyo, kila alipofika, wifi alitoka, na baba akafungua na kufunga mwenyewe. Disketi ilibaki ofisini ndani ya droo.

Haya yote nilielezwa na wifi. Nilikuwa nafundisha Sironga, na nilikuwa na tabia, ambayo bado ninayo, ya kuandika mambo kwenye kijitabu: siku, saa, nani alisema nini. Wifi alinicheka kwa hilo. "Wewe ukifika mbinguni," aliniambia mara moja, "utamuuliza malaika mkuu funguo huwa zinakaa na nani."

Baba alianguka Ijumaa jioni nyumbani Keroka, akiwa anafunga ndama. Hakusema neno tena. Sabato, yaani Jumamosi, alikuwa hospitali mjini Kisii, amefumba macho, na Jumatano alifariki. Kijitabu changu kina hayo yote kwa saa zake.

Kisha baba mdogo, ndugu yake anayemfuata, akaja na wazee wawili kusema kaburi litachimbwa Sironga, kwenye boma la babu. Mama alikuwa ameketi jikoni. Hakuinuka. Alisema kwa sauti ya kawaida kwamba mume wake atazikwa Keroka, na kwamba ameandika hivyo.

Hapo ndipo palipokuwa na jambo lenyewe. Miaka mingi nyuma, mimi nikiwa darasa la pili, jiko la mama kule Sironga lilibomolewa kwa sababu ya ugomvi wa mipaka, na waliolibomoa wengine walikuwa hapo mlangoni wamevua kofia. Baba alinunua shamba Keroka akatuhamisha. Lakini kwetu kaburi la mwenye boma ndilo linalofanya boma liwe boma. Baba akizikwa Sironga, mama angelazimika kukaa matanga kwa watu waliombomolea, na nyumba yake ya Keroka ingebaki nyumba tu, ambayo siku yoyote mtu angeweza kumwambia aihame arudi kwa mume wake.

"Ameandika wapi?" baba mdogo aliuliza.

"Kwa mke wa mtoto wako."

Baba mdogo alimgeukia wifi yangu, naye akaeleza habari ya disketi akiwa ametazama chini. Baba mdogo alisikiliza mpaka mwisho. "Mwalimu mkuu mzima," alisema, "amefunga maneno kama mtu anayefunga stoo ya mahindi, halafu akaondoka na ufunguo." Mzee mmoja alicheka akajizuia. Wakakubaliana tupewe mpaka Jumanne. Mazishi yalikuwa Alhamisi, na kaburi huchimbwa Jumatano.

Jumatatu nilikwenda na mama na wifi mpaka ofisini. Tulijaribu kila neno tulilolifikiria. Shule aliyosimamia. Mwaka aliobatizwa. Jina la ng'ombe aliyempenda, jina la ng'ombe aliyemchukia. Namba ya wimbo aliokuwa akiuomba kanisani kila mara mpaka watu wakachoka. Nilikuwa naandika kila neno nakata mstari. Mashine ilijibu jambo lile lile, kwamba neno si sahihi, kwa utulivu ulionikasirisha. Majina ya baba mwenyewe nilichapa mimi, kwa sababu chinsoni haimruhusu wifi kuyatamka wala kuyachapa, akageuka ukutani mpaka nimalize. Hayakuwa yenyewe.

Tulimuuliza mama kama kulikuwa na neno fulani kati yao. Alifikiri sana. "Huyo hakuwahi kuniambia neno la siri," alisema. "Alikuwa akiniambia chai imepoa."

Tulijaribu chai. Tulijaribu na imepoa. Tulicheka, kisha tukaacha ghafla sote watatu kwa pamoja, na mama akaomba apelekwe nyumbani.

Nilikuwa sielewi mambo mengi siku hiyo. Sikuelewa kwa nini mtu aandike usia usipotee halafu aufiche hata kwa mkewe. Nilianza kudhani alitaka tumwulize, na hatukumwuliza. Halafu nikadhani hakutaka. Nilijaza kurasa nne za kijitabu kwa madhanio, na kila moja lilipinga la kabla yake.

Aliyetuokoa alikuwa binti wa mwenye duka la chini. Alikuwa likizo, anasoma mambo ya kompyuta Nairobi, na alikuwa amesikia miguu yetu ikipanda na kushuka ngazi siku nzima. Alimwambia baba yake kwa Kigujarati, baba yake akatuambia kwa Kiswahili, kwamba ana programu inayoweza kufungua faili za namna hiyo. Haitafuti neno. Inalipita tu neno na kutoa nakala iliyo wazi. Akasema wengi mjini husahau, hasa makarani.

Jumanne asubuhi tulikuwa sita ndani ya chumba cha nyuma cha duka, kati ya maboksi ya karatasi na chupa za wino. Baba mdogo alisisitiza awepo. Alisimama nyuma ya binti huyo, mikono mgongoni, kama msimamizi wa mtihani.

"Huyu mtoto anasoma Kiswahili?" aliniuliza kwa Kigusii.

"Ninasoma," binti alijibu kwa Kiswahili, bila kugeuka. "Na Kigusii kidogo nasikia, mzee. Mimi ni wa hapa."

Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha maji. Kurasa sita za kwanza zilikuwa kama wifi alivyosema. Ya saba ilikuwa na mistari michache. Baba mdogo hakutaka isomwe kwenye kioo. Alitaka karatasi. Printa ikalia kwa kelele zake, karatasi ikatoka polepole, na kila mstari ulivyojitokeza nilimwona mama anautazama ingawa hasomi.

Nilisoma mimi. Baba alikuwa ameandika kwamba azikwe Keroka, upande wa chini wa nyumba, penye migomba, na kwamba mama ndiye mwenye boma hilo akiwa hai na baada ya hapo. Aliwaomba ndugu zake wasilibishanie jambo hili mbele ya watoto. Hakukuwa na kingine.

Baba mdogo alichukua karatasi akaisoma mwenyewe mara mbili, akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti. "Basi ni Keroka," alisema. "Waambieni vijana waje na majembe." Mama aliketi juu ya boksi la karatasi, akafungua leso akaifunga tena. Sijapata kumwona amechoka vile.

Alizikwa Alhamisi, penye migomba. Historia yake alisoma kaka yangu, mume wa wifi, aliyetoka Mombasa, kurasa zote saba.

Ningekuwa mtu mwingine ningeishia hapo. Lakini kabla binti hajatoa disketi ile alikuwa ameonyesha orodha ya vilivyomo, na kwa mazoea nilinakili mstari wa faili: jina, ukubwa, siku na saa iliyohifadhiwa mara ya mwisho. Wiki tatu baada ya matanga nilikuwa napanga kijitabu, nikaweka tarehe hiyo kando ya tarehe za hospitali. Faili ilikuwa imehifadhiwa Sabato, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Saa hiyo baba alikuwa kitandani hospitali, hajui nani anamshika mkono. Aliyekuwa akimshika ni mimi.

Ofisi ya wifi haifunguliwi Sabato. Funguo zilikuwa mbili, moja yake na moja ya kaka, aliyekuwa Mombasa. Wifi alifika hospitali siku hiyo karibu na saa saba, amevaa nguo za kanisani.

Nilimwendea. Sikujua niulize vipi, nikamwonyesha tu kijitabu. Alisoma, akacheka kwa namna yake. Betri ya ndani ya kompyuta ile imekufa siku nyingi, alisema. Ikizimwa au stima ikikatika inasahau siku, na ikiwaka inamuuliza tarehe na saa, naye anazichapa kwa mkono. Ijumaa ile baba alifika asubuhi, akachapa amesimama kama kawaida, akaondoka mapema. Stima ilikuwa imekatika kabla yake. Kwa haraka, mzee akiwa anasubiri, wifi alitazama kalenda ya ukutani. Na kalenda ile, alinionyesha, ni ya kampuni ya chai, inaanzia Jumatatu. Sisi Waadventista tumezoea kalenda ya kanisa inayoanzia Jumapili, Sabato ikiwa ya mwisho, na Ijumaa safu ya sita. Kwenye ile ya chai safu ya sita ni Sabato.

Nilihesabu safu kwa kidole. Ilikuwa kweli. Mama naye alikumbuka kwamba baba alikwenda mjini Ijumaa akarudi kabla ya chakula cha mchana.

"Unafikiri mimi ningelijua neno lake?" wifi aliniuliza. Hakuwa anacheka sasa. "Nilikuwa nasimama barazani."

Nilimwambia sifikiri hivyo. Na sikufikiri. Lakini kwamba alisimama barazani nililijua kutoka kwake tu, na kwamba anampenda mama kuliko sisi watoto wengine tulivyompenda, hilo nililijua mwenyewe.

Mfanyabiashara mmoja wa Mosocho alikuwa amechapiwa barua Ijumaa ile ile. Niliiomba disketi yake. Barua yake ina tarehe sahihi, Ijumaa, saa tatu kasoro dakika kumi. Asubuhi tarehe huwa anaisikia kwenye redio, wifi alisema, ndiyo maana. Kwa hiyo kila kitu kilibaki kwenye saa moja na ushei kati ya barua ile na faili ya baba: kama stima ilikatika hapo katikati, au haikukatika na faili iliguswa kweli Sabato.

Nilimuuliza mwenye duka la chini, ambaye taa zake na za wifi ni waya mmoja. Alifikiri, akamwita mkewe, wakashauriana kwa lugha yao. Akaniambia wiki ile stima ilikatika mara moja, asubuhi, ana hakika, kwa sababu mashine ya kutolea nakala ilimlia karatasi. Siku yenyewe, yeye alisema ni Alhamisi. Mkewe alisema ni Ijumaa.