Vifuniko Viwili vya Sufuria

Juzi redio ya jirani ilitangaza kwamba mwanaanga mmoja mzee wa Marekani amefariki. Walisimulia maisha yake: alianza kama rubani wa ndege za vita, ndipo akapelekwa angani, akamalizia kazi akifundisha chuo kikuu. Nikiwa bado nasikiliza, ilinijia harufu ya ndagala, wale samaki wadogo, walioanikwa kwenye mchanga wa kwetu Baraka, kando ya ziwa.

Nilipokuwa mtoto, asubuhi moja mwalimu wetu alitueleza habari za mtu huyo, ila hakutaja vita. Alisema tu kwamba aliizunguka dunia akiitazama kupitia dirisha dogo, na ziwa letu aliliona kama uzi wa buluu. Iliniuma kwamba sisi hakutuona.

Alasiri ya siku ile ile bamama walikuwa ufukweni wakisugua sufuria kwa majivu na mchanga. Ndege ikavuma kutoka upande wa Swima. Siku zile za vita ndege zilirusha mabomu, na kila mtu alijua la kufanya: kufunika kwa kitenge chombo chochote kinachong'aa, kisha kukimbilia kwenye mihogo.

"Funika vyombo!" Mama alipiga kelele. "Kimbia, mutoto!"

Mimi nilichukua vifuniko viwili, nikavielekeza juani, nikavipunga juu ya kichwa.

"Mama, ni ule muntu wa mwalimu! Mi nataka atuone!"

Mama alinirukia, akaniangusha, akanilalia. Mikono yake ilinuka samaki na majivu. Ndege ilikuwa imeshatupita, na mlio wake ulikuwa ukififia kuelekea ziwani.

Kisha ukaanza kurudi.