Miaka Aliyopewa Mama Loïc

Mdogo wangu Patrick, aliyeniita Yaya kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma huko mtaa wa Cibitoke. Alitengeneza mageti, madirisha, na vitanda vya watu wanaooa. Alikuwa akipiga mluzi wa nyimbo za kwaya huku cheche zinaruka, na mteja aliyemfuata Jumapili alijibiwa kwamba chuma nacho kinapumzika.

Ugonjwa ulijificha ndani ya kazi yake. Uso na shingo vilikuwa vinawaka ghafla, nasi tukasema ni moto wa kuchomelea. Tumbo lilipomwendesha tukasema ni amiba, kama tunavyosema wote hapa Bujumbura, akameza dawa za amiba karibu mwaka mzima. Mwishowe ekografi, ile picha ya tumbo, ikaonyesha madoa kwenye ini. Daktari Herménégilde alitueleza kwamba uvimbe ulianzia kwenye utumbo, katika chembe za mwili zinazotoa homoni. Homoni hizo ndizo zilizokuwa zinamwasha uso. Sasa ulikuwa umehamia kwenye ini.

Kwenye benchi la kumsubiri daktari tulimkuta Epiphanie, tunayemwita Mama Loïc, mfanyakazi wa Leta, yaani serikali, kutoka mtaa wa Mutanga Sud. Tunasali naye kanisa moja. Alikuwa na ugonjwa uleule, ila ini lake lilikuwa limejaa madoa. La Patrick lilikuwa na matatu.

"Matatu tu?" akasema. "We Patrick, Mungu anakupenda kuliko mi."

"Tubadilishane, Mama Loïc. Nikupe matatu yangu, unipe mushahara wa Leta."

"Huo mushahara utaulilia kuliko ini."

Wakacheka hadi muuguzi akachungulia. Mimi nilikuwa nalinganisha madoa kichwani. Niliona wazi kwamba mama huyu ndiye atakayetangulia, na usiku huo nilisali kwa moyo mwepesi.

Kwa sababu ya madoa kuwa machache, Patrick aliamua kusubiri kabla ya kuonana na mama. Mama yetu, Namegabe, alikuwa Bukavu, huko Kongo, na tangu vita vitutenganishe hakuwa amemwona mwanawe. Aliposikia habari ya ini alitaka kuja mara moja. Patrick akamkatalia kwenye simu.

"Apana, Mama. Njia ikitulia nitakuja mi mwenyewe. Sitaki upite kwenye bariere zote hizo za askari na magoti yako."

Tulikubali wote. Tulidhani muda upo.

Kisha yakaja majibu ya kipande cha nyama kilichotolewa kwenye ini na kupelekwa nchi ya nje. Daktari alituita ndani, akafunga mlango.

"Wingi wa madoa una maana," alisema. "Nguvu za mgonjwa nazo zina maana. Lakini kinachotuambia zaidi ni kasi ya chembe zenyewe kugawanyika. Kuna uvimbe unaotembea, kuna unaokimbia. Wako unakimbia, Patrick."

"Nina muda gani, Docteur?"

"Miezi, nadhani. Si miaka. Hayo ni makadirio kutoka kwa wagonjwa wengi, wala hakuna mmoja wao aliyekuwa wewe. Ila kama kuna jambo unaliahirisha, usiliahirishe."

Tulitoka hadi nje. Hapo Patrick akaniambia, "Yaya, mupigie Mama. Aje sasa."

Jumapili iliyofuata Mama Loïc alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Majibu yake yalikuwa yamerudi pia, na chembe zake zilikuwa za polepole. Daktari alimwambia ataishi miaka, pamoja na ini lake lililojaa. Watu walipiga makofi, ngoma ikalia, Patrick naye akapiga makofi akiwa ameegemea ukuta. Mikono yangu ilibaki kwenye mapaja. Nilimwangalia yule mama na kitambaa chake kipya cha kichwani, nikamuuliza Mungu kwa nini miaka ile isingeweza kukatwa katikati, nusu yake ikaletwa Cibitoke. Niliuliza hivyo kwa wiki nyingi, hata wakati wa kupokea komunyo.

Mama alipita Uvira, akalala mpakani, akaingia Burundi asubuhi kupitia Gatumba, akatufikia amevimba miguu. Patrick alikuwa bado anaweza kusimama. Alimfungulia geti mwenyewe, nao wakakaa chini palepale kwenye saruji kwa sababu hakuna kati yao aliyeweza kumbeba mwenzake hadi ndani. Mungu aliwapa msimu mmoja wa mvua. Mama alimlisha, akamwogesha, akamsimulia watu wa kwetu Kabare ambao Patrick alikuwa amewasahau. Patrick alifariki Mama ameshika mguu wake.

Siku ya kuondoa matanga Mama Loïc alikuja, amenona kidogo. Nilimwonyesha kiti cha mbali. Lakini Mama alikuwa amesikia habari zake kutoka kwa Patrick, akamwita akae karibu naye.

"Na wewe, binti yangu, wamekuambia nini?"

"Miaka, Mama. Ila hawajui mingapi." Alisema kwa sauti ndogo, kama anayeomba radhi. "Kila nikienda skana sipati usingizi."

Mama akachukua sahani ya wali na ndagala, samaki wadogo wa ziwa, iliyokuwa mbele yangu, akamwekea magotini.

"Basi kula," akamwambia.

Nilikuwa sijala tangu asubuhi. Nikainuka, nikaenda jikoni kumletea Mama Loïc maji ya kunawa.