Alianguka Kutoka Wapi

Mpini wa jembe ukimpiga mtu mgongoni hautoi sauti kubwa. Nilikuwa nimeinama kwenye mbaazi, na nilichosikia ni kama mtu ametua gunia la mahindi. Nikainua kichwa. Mwanangu mdogo alikuwa kifudifudi juu ya mkonge aliokuwa akiung'oa. Kaka yake amesimama juu yake, mpini uko hewani. Akaushusha tena. Na tena.

Nina watoto hao wawili tu, wa kiume wote. Shamba letu liko Buger, na baba yao kabla hajafa aliligawa kati yao, akapanda mstari wa mkonge uwe mpaka, kuanzia kwenye jiwe kubwa mpaka barabarani. Mdogo hakukaa sana nyumbani. Alikuwa mpishi kwenye kambi za watalii huko Ngorongoro. Siku ile alikuwa amekuja likizo, akakuta mkonge hauanzii tena kwenye jiwe.

"Huu mkonge una miguu?" alimuuliza kaka yake. "Baba aliuacha pale. Nani kauambia utembee?"

"Wewe rudi kwa watalii wako. Umevaa viatu vya mzungu, utanifundisha mpaka wa Buger?"

"Viatu vya mzungu, macho ni yangu. Mwizi wewe."

"Rudia."

"Mwizi. Unamwibia mtoto wa mama yako."

Mdogo akainama, akaanza kung'oa. Mkubwa akachukua jembe. Aliligonga kwenye jiwe, chuma kikachomoka, akabaki na mpini. Naliandika hili kwa sababu ni kweli: angetaka kuua asingetoa chuma. Na hili nalo naliandika kwa sababu ni kweli: nilipiga kelele, alinisikia, na hakuacha. Aliacha pale nilipojitupa juu ya mdogo wake na pigo moja likaniangukia mimi mkononi. Ndipo akautazama ule mpini kama amepewa na mtu mwingine.

"Inuka," akamwambia mdogo wake. "Inuka basi."

Mdogo akajaribu. Mikono ilisukuma ardhi, kiuno kikabaki palepale.

Tulimpakia kwenye pikapu ya jirani tukashuka Karatu mjini. Mkubwa alikuwa analia kama ndama, kichwa cha mdogo wake kiko mapajani pake. Njiani mdogo akamshika shati, akamvuta mpaka uso ukakaribia uso.

"Nisikilize. Nimeanguka. Wewe umenikuta chini."

"Ndugu yangu..."

"Nyamaza. Nimeanguka. Unataka kwenda jela, Ayo abaki na nani?"

Ayo ni mama, kwa sisi Wairaqw. Nilikuwa nimekaa hapohapo nyuma ya pikapu. Hakuniuliza mimi nitasema nini.

Kila mtu huku anajua kwamba aliyepigwa hatibiwi hivihivi. Lazima upitie polisi, upewe fomu ya PF3, na polisi watauliza jina la aliyepiga. Aliyeanguka haulizwi hayo. Kwa hiyo mwanangu alipofikishwa kitandani akasema ameanguka, wakaandika ameanguka, wakaanza kazi. Tumbo lake la chini lilikuwa limevimba na kukaza kama ngoma, mkojo umejaa hautoki. Wakamwingiza mpira wa kutolea mkojo. Nilimshika mkono wakati unaingia. Hakulia kwa sababu ya mgongo, alilia kwa sababu ya mpira. Mfuko ukajaa mkojo wenye damu, wakaumwaga, ukajaa tena.

Walimpeleka hospitali kubwa ya mbali, akakaa, akarudi. Miguu haikurudi. Mpira nao tukaambiwa ndio huo, utabadilishwa utabadilishwa, lakini mtu ataishi nao.

Kwenye zahanati yetu kulikuwa na nesi, binti wa Kimasai kutoka Arash. Kiswahili chake kilikuwa na mlio wa kwao, na mimi aliniita yeyo, yaani mama, kama anavyomwita mamaye. Yeye ndiye aliyenifundisha.

"Yeyo, mikono kwanza. Sabuni. Hapana, hiyo bado. Tena."

"Imetakata, mwanangu."

"Imetakata kwa kula ugali. Kwa mpira bado."

Alinionyesha kuosha pale mpira unapoingilia, kumwaga mfuko kabla haujajaa, na kutouinua mfuko juu ya kiuno, kwa sababu mkojo mchafu hurudi ndani. Mpira unakaa kwa sababu ncha yake ina kijiputo kinachojazwa maji ndani ya kibofu. Bila kukitoa yale maji mpira hautoki, na ukiuvuta kwa nguvu unachana. Hilo alilisema zaidi ya mara moja. Masika yalipokata barabara alikuja kwa miguu, amechelewa siku kadhaa, gamboti zimejaa tope, mpira mpya umefungwa ndani ya nailoni kifuani.

Mwanangu alikuwa mtu wa utani, na utani haukumtoka. Kaka yake alikuwa akimbeba kila asubuhi kumpeleka juani, mfuko wa mkojo unaning'inia.

"Polepole, dereva."

"Nyamaza, mzigo."

"Mzigo? Mimi mtalii. Nabebwa, naulizwa nimelalaje, na begi langu ninalo. Bado kupewa juisi."

Walicheka wote wawili. Mimi nilikuwa nachambua mboga, nikiwatazama. Sikuwahi kumsikia mkubwa akisema nisamehe. Sikuwahi kumsikia mdogo akidai. Mkonge ulikaukia palepale ulipong'olewa.

Kisha homa ikaja. Mkojo ulikuwa umebadilika, mzito kama maji ya udongo, halafu mfuko ukabaki mtupu. Nesi alikuja, akajaribu kuzibua, akasema, "Yeyo, huyu si wa hapa, tafuta gari." Mkubwa akakimbia kutafuta gari. Aliporudi ilikuwa mchana, jua limesimama mlangoni, na mdogo wake alikuwa hajui tena yuko wapi. Aliushika mpira kwa mikono miwili. Nesi akapiga kelele, "Mshike! Mshike mikono!" Alichelewa. Mwanangu aliuvuta wote, na kijiputo chake. Damu iliruka ikapiga ukuta, ikapiga khanga yangu. Sijawahi kuona damu nyingi vile ikitoka mahali pale. Mkubwa akampandia kifuani akamkandamiza mikono, naye mdogo anarusha kichwa huku na huku, anapiga yowe:

"Usinipige tena! Ayo, mwambie asinipige tena! Nimeacha, chukua shamba, nimeacha!"

Mkubwa hakuweza kumwachia, maana angemwachia angejichana zaidi. Akabaki juu yake, anamkandamiza, anasikiliza.

Nesi alifuatana nasi mpaka Karatu, amekandamiza kitambaa panapotoka damu njia nzima, mikono yake myekundu mpaka kwenye viwiko. Mwanangu alikufa kesho yake asubuhi. Meno yalikuwa yamegongana usiku kucha kwa baridi, yalipoacha kugongana nikafikiri amepata nafuu.

Daktari alitoka akatuambia kwa upole. Uchafu ulianzia kwenye mpira wa mkojo, ukaingia kwenye damu, damu ikaoza.

Mkubwa aligeuka. Nesi alikuwa amekaa kwenye benchi la ukutani, hajanawa.

"Umesikia? Mpira wako."

"Pole sana, kaka."

"Mpira wako umemuua ndugu yangu!"

Akampiga ngumi ya mdomo. Kichwa cha yule binti kiligonga ukuta, akampiga nyingine kabla hajaanguka, akamkaba shingo. Watu walipiga mayowe. Walinzi wakaja na virungu, wakampiga mikononi mpaka akaachia, wakamburuta nje anapiga mateke, anaita, "Muuaji! Mmasai muuaji!" Nesi hakulia. Alitema jino kiganjani akaliangalia. Mimi niliinama nikamfuta mdomo kwa khanga yangu, ile ile yenye damu ya mwanangu, na hakuisukuma.

"Yeyo," alisema, mdomo umevimba, "mimi ningebadilisha mapema kama barabara..."

"Usiseme hivyo," nikamwambia. "Usiseme."

Nikaitwa kwenye chumba cha kumbukumbu, ili zitimie karatasi za kuchukua mwili. Karani alikuwa baba wa makamo, Mchaga, mtaratibu, kompyuta mbele yake. Alinipa kiti. Alikuwa amesikia fujo, akasema pole kwa yote mawili.

Akanieleza kazi yake ili nisimwone msumbufu. Daktari huandika maneno, yeye huyatafutia namba. Kila ugonjwa una namba, na majeraha, na ajali. Homa ya damu ina namba yake. Maambukizi yaliyoletwa na mpira wa mkojo yana namba yake, tofauti na mpira ulioziba, tofauti na mpira uliochomoka ukachana. Lakini kwenye kifo, alisema, hawaishii hapo. Hurudi nyuma. Damu imeoza kutokana na nini? Mpira. Mpira uliwekwa kutokana na nini? Uti wa mgongo. Uti wa mgongo ulivunjika kutokana na nini? Lile la chini kabisa, lililoanza, ndilo kifo kinahesabiwa kwalo.

"Faili la mwanzo linasema alianguka," alisema. "Halisemi zaidi. Mama, alianguka kutoka wapi?"

Nikaitazama kompyuta yake.

"Kwenye mti? Mti una namba yake. Paa, ngazi, gari, mwamba, kila moja na yake."

Nilishangaa kwamba kuna mtu alikaa mahali akaihesabu mianguko yote ya duniani. Nilimtafutia mwanangu mahali pa kuanguka. Niliuona mti wetu wa parachichi, nikaona ulivyo mfupi. Nililiona paa. Kila nilipompandisha mahali, nilimwona yuko chini tayari, kwenye mkonge.

"Hukumbuki, siyo?" karani alisema. Alikuwa mtu mwema, na aliona nimekwama. "Usijitese. Ipo namba ya kuanguka kusikojulikana. Ni kwa ajili ya wasiojua. Naiweka hiyo, unachukua mwili wa mwanao, unakwenda kuzika."

Kidole chake kilikuwa tayari. Nje nilimsikia mkubwa bado anafoka na walinzi, mpira, mpira, yule Mmasai na mpira wake. Na kupitia mlango uliokuwa wazi nilimwona nesi kwenye benchi, khanga yangu mdomoni.

"Baba," nikamwambia karani, "mimi ninajua."

Akaondoa kidole.

"Hakuanguka. Alipigwa."

"Na nani?"

"Na huyo anayepiga kelele nje. Kaka yake. Kwa mpini wa jembe. Nilikuwepo."

Akainuka akafunga mlango. Akarudi akazungumza kwa sauti ya chini, kama anayezungumza na mgonjwa.

"Mama yangu, fikiri vizuri. Neno hilo nikilipeleka kwa daktari, mwili hautoki leo. Polisi wanaitwa. Na huyo wa nje haondoki hapa na wewe. Umenielewa? Utakuwa umewapoteza wote wawili siku moja."

"Nimekuelewa."

"Marehemu mwenyewe alisema alianguka."

"Alisema kumwokoa ndugu yake. Na ndugu yake ameokoka akaenda kumvunja meno mtoto wa watu."

Karani akavua miwani akajifuta uso. Akaniuliza kama nina uhakika. Nilikuwa nimeshasema. Akaenda kumwita daktari.

Polisi walimkuta mkubwa amechoka kufoka, amekaa chini kwenye kivuli cha ambulansi. Hakukimbia. Walipomfunga pingu alinitafuta kwa macho, akaniona mlangoni, akajua.

"Ayo!" aliita. "Ayo, umebaki na nani sasa?"

Lilikuwa swali la mdogo wake, lile la kwenye pikapu. Askari akamsukuma akajigonga kichwa kwenye mlango wa gari, nami nikasema, "Msimpige," kwa sauti ambayo sidhani mtu aliisikia.

Mwili ulikaa mochwari mpaka ulipochunguzwa. Tulipozika, udongo wa kwanza ambao ungetupwa na kaka niliutupa mimi. Baadhi ya ndugu wa mume wangu walisimama upande wao. Mmoja aliniambia mbele ya watu, "Mwanamke umekula watoto wako kama nguruwe." Nesi alikuja. Alisimama nyuma kabisa, mdomo bado una nyuzi, na alipoondoka hakuniaga, alinishika tu kiganja kwa nguvu.

Kesi haijaisha. Nimekwenda mahabusu mara kadhaa na chakula. Mwanzoni mkubwa alikataa kutoka, chakula nikawapa wengine. Mara ya mwisho alitoka. Amekonda. Alichukua bakuli, akaniangalia muda mrefu. Akageuka kurudi ndani, anatembea kwa miguu yake, mgongo umenyooka. Niliutazama ule mgongo mpaka askari akafunga mlango.