Proksi ya Damalie Haikuanguka

Damalie Ajambo ana chumba cha intaneti hapa Busia, upande wa Uganda, karibu kabisa na mpaka. Mawakala wa forodha huja kwake kutuma hati za malori. Kompyuta zake zote hupitia mashine moja ya Linux yenye proksi, yaani mlango mmoja wa kutokea kwenda mtandaoni. Mwaka huu mlango huo ulianza kujifunga mchana kweupe, malori yakingoja, na mawakala wakaanza kuhama.

Bartholomew, kaka wa mumewe na mwenye jengo, akaja.

"Shemeji, chumba nakipa mtu wa kuuza simu. Hiyo mashine ni mgonjwa."

"Hata wewe unakohoa kila asubuhi. Mbona mkeo hajatafuta mwingine?"

Ndiyo akili ya siku hizi: kitu kikikwama, tupa. Sisi wa zamani tulikaa na baiskeli mpaka ikatuonyesha inapoumwa. Nilidhani watu wa kukaa na kitu wamekwisha.

Damalie alikaa. Aliwasha proksi, ikafanya kazi, kesho yake ikasimama. Akafungua kumbukumbu za mfumo. Hazikusema proksi imeanguka. Zilisema imesimamishwa kwa utaratibu, kama askari aliyepewa amri. Amri ya nani? Akasoma mistari ya juu yake. Kila mara, kabla ya proksi kusimama, modemu ya Uganda, kile kidude cha kuleta mtandao, ilikuwa imechomolewa.

Mchomoaji ni yeye mwenyewe. Hapa kwetu mtandao wa Uganda ukilegea, mkono unakwenda wenyewe: chomoa modemu, chomeka ya Kenya. Lakini alipoitengeneza mashine ile, Damalie aliandika kwamba proksi iishi na modemu ya Uganda peke yake, ili wateja wasimmalizie data ya Kenya, ambayo ni ghali; kisha akasahau. Modemu ikitoka, Linux inatii na kuisimamisha proksi.

Akafuta mstari ule, akaamuru mfumo usome mipangilio upya, akawasha proksi. Wakati huo Bartholomew na mtu wa simu walikuwa ndani wakipima ukuta. Damalie akachomoa modemu mbele yao, akachomeka ya Kenya, akamwambia Okedi, wakala wa mwisho aliyebaki, atume hati zake.

Zikaenda.

"Leo zimeenda," Bartholomew akasema. "Kesho je?"

"Kesho utanikuta hapa, shemeji. Na kesho kutwa. Mwambie mgeni wako atoe mkono kwenye ukuta wangu."

Mtu wa simu akautoa.