Deputy alitufundisha kusoma kwa kelele, mwanafunzi wangu akafunga kitabu

Wakuu, nawasalimu kutoka Eldoret, baridi ya huku bado iko kwa vidole. Haya nimeyaona mwenyewe na sijaongeza kitu. Majina tu ndiyo nimebadilisha, kwa sababu kazi bado naihitaji.

Mimi ni mwalimu wa Biology, day school moja upande wa Yamumbi.

Tuna deputy, naibu wa mwalimu mkuu, ambaye anaamini kusoma ni kelele. Mara mbili kwa wiki anaendesha kitu anaita Revision Clinic. Darasa nzima inafungua notes, inasoma kwa sauti, ikimaliza inaanza tena. Yeye anatembea katikati ya madawati, mikono nyuma, ametosheka kabisa.

Ukimuuliza inasaidia aje, anakuambia maneno yanaingia kichwani. Yanaingilia wapi, hasemi.

Sasa kulikuwa na msichana wa Form Three, nimwite Wanjiru. Notes zake ungeziweka kwa fremu. Highlighter rangi nne, na kila mstari umepakwa, kwa hivyo hujui ni gani muhimu. Deputy alikuwa anazileta staffroom tuone mwanafunzi wa mfano.

Mwanafunzi wa mfano alipata ishirini na sita kwa mia, Biology.

Na mimi sikuwa bora. Miaka tisa nimejaza ubao, watoto wakanakili, nikaita hiyo kufundisha.

Babake, Mzee Kamau, ana duka karibu na shule. Jumamosi moja nilienda kununua maziwa, nikamkuta Wanjiru nyuma ya kaunta, kitabu mapajani, midomo inatembea. Mzee akaniambia, wateja wakisikia, kwamba term ikiisha anamtoa shule aende akajifunze kusuka nywele. Mtoto anasoma kila siku na hakuna kitu inabaki.

"Kichwa yake inavuja, Madam," alisema.

Wanjiru hakuinua macho. Hapo ndipo nilishikwa na hasira, na sijui kama ilikuwa ya Mzee ama yangu mwenyewe.

Nikamwambia msichana afunge kitabu anieleze kazi ya figo. Alikuwa kwa hiyo page tangu asubuhi. Akatoa sentensi moja, akakwama, mkono ukaenda kufungua kitabu. Nikauzuia.

"Lakini Madam, nikiisoma naijua," akasema.

Wakuu, hilo ndilo tatizo lote. Ukiangalia notes unazitambua, unadhani unazijua. Kwa mtihani hakuna mtu atakuonyesha notes.

Nikamwomba Mzee anipe term moja, akakubali. Highlighter tukaweka kando. Kila akisoma topic, anafunga kitabu, anaandika kwa karatasi tupu chenye anakumbuka, halafu anafungua na kujaza alichosahau kwa biro nyekundu. Anaiacha siku mbili, anajijaribu tena. Halafu baada ya wiki.

Tukakata katoni za sabuni, swali upande mmoja, jibu upande wa pili. Muulizaji akawa Mzee Kamau, kati ya mteja na mteja.

Mzee hajui Biology hata kidogo, na hiyo ilisaidia kuliko digrii yangu. Siku moja Wanjiru alimweleza figo inavyochuja damu, Mzee akauliza tu, "Na sukari je, mbona haitoki na mkojo?" Msichana akageuza kipande cha katoni, jibu halikuwa nyuma. Hakuwa anajua. Nilisikia aliitafuta mpaka akaipata, na hiyo hajaisahau tena.

Wiki za kwanza karatasi zilikuwa nyekundu tupu. Alilia. Alitaka kurudi kwa rangi zake, kwa sababu rangi hazimwambii mtu kwamba hajui.

Nilianza hivyo hata na darasa zima, na deputy akanikuta nimeambia watoto wafunge vitabu. Akaniita kando.

"Madam, wazazi wananunua vitabu, wewe unazifunga?"

Mtihani wa mwisho wa term, Wanjiru akapata hamsini na moja. Unafikiri deputy alifurahi? Alisema msichana ameiba mtihani. Akamkalisha ofisini kwake peke yake, akamchagulia maswali mengine, akamchunga kama mwizi wa kuku.

Akapata hamsini na nne.

Mtu mwenye aibu angenyamaza. Huyu alisimama kwa mkutano wa wazazi akasema matunda ya Revision Clinic yameanza kuonekana. Makofi yakapigwa. Mimi nikaangalia viatu vyangu, kwa sababu nilijua uso wangu unasema nini.

Mzee Kamau akainua mkono.

Alisema hajui hiyo clinic. Anajua katoni za sabuni, kwa sababu yeye ndiye alikuwa anauliza. Halafu akamgeukia Wanjiru pale kwa benchi.

"Nilisema kichwa yako inavuja, na nilisema mbele ya watu. Sasa nasema mbele ya watu, nilikosea."

Wanjiru akafunika uso na sweta ya shule. Hasomei kusuka. Yuko Form Four.

Clinic bado inaendelea, na kelele yake inasikika mpaka barabarani.

Nilichojifunza ni hiki: kama mtoto wako anasoma na hashiki, usikimbilie kumwita mjinga. Mfungie kitabu, muulize, subiri. Kile kimya chake ndicho mahali pa kuanzia.

Walimu na wazazi mlio humu, nyinyi mnafanyaje? Na wale wa highlighter rangi nne, kujeni mjitetee, nawasoma.