Kesi Aliyoitaka Wakili Chepkirui

Kila asubuhi, kabla hajaweka mkoba wake mezani, Wakili Chepkirui hufungua dirisha linalotazama ofisi ya wakili Morgan, ng'ambo ya ua, kuona ni nani waliokaa kwenye benchi la mwenzake. Benchi huwa limejaa. Chepkirui hulitazama, husonya, kisha husema, "Wamefuata maji baridi hao." Morgan ana mtungi wa maji barazani. Sisi pia tunao.

Nilifanya mafunzo yangu ya uwakili kwake, hapa Lodwar, kwenye meza ndogo nyuma ya mlango. Kazi zetu zilikuwa hati za viapo na mikataba ya viwanja. Yeye alitaka kesi moja kubwa, watu wa Kakuma hadi Kalokol wajue kuna wakili anayeitwa Chepkirui. Yeye na Morgan walisoma darasa moja, Morgan akamaliza nyuma yake, na bado jina la Morgan ndilo lililokuwa midomoni mwa watu. Chepkirui aliamini kabisa kwamba vijana wa bodaboda walilipwa kumpelekea wateja kutoka stendi.

"Sheria hairuhusu wakili kupigiwa debe kama basi," aliniambia. Ushahidi hakuwa nao.

Jumapili moja tulikuwa tunatoka kanisani, mtaa wa Nawoitorong, Josiah akamwita Chepkirui kando. Josiah ana malori ya mizigo, na juma lile lori lake moja lilikuwa limemgonga mtu Kakuma.

"Wakili, nisaidie kidogo tu. Si kesi, ni swali."

Wakasimama kwenye kivuli cha ukuta. Alichosema sikukisikia, na hata ningekisikia nisingekiandika hapa. Nilimwona tu Chepkirui akisikiliza mpaka mwisho, halafu akimjibu polepole. Josiah alimshukuru sana. Hakurudi tena; baadaye tukasikia ameajiri mawakili wa Nairobi.

Kisha akaja Félicité, Mkongo, ametoka Kakuma na gari la alfajiri, viatu vimejaa vumbi. Mumewe Magloire ni seremala.

"Mama Wakili, bwana yangu walimukata muguu. Lori ilimufuata mpaka kwa kibanda yake ya kazi. Sasa wanasema ni yeye alikosa."

Chepkirui alikuwa ameshashika kalamu. Hii ndiyo iliyokuwa kesi yenyewe. Redio ya Kakuma iliizungumzia kila siku. Uso wake uling'aa hadi nikaona haya kumtazama.

"Lori ni la nani, mama?"

"Ya Josiah."

Akaiweka kalamu chini. "Siwezi kukuchukulia kesi hii."

"Juu ya nini? Juu niko mukimbizi?"

"Hapana, mama. Siwezi, na sababu siwezi kukwambia."

"Basi ni hiyo." Félicité alisimama, akajifunga kitenge upya. "Wakili mwingine iko wapi?"

Chepkirui aliunyosha mkono wake kuelekea ng'ambo ya ua.

Tangu siku hiyo dirisha lilikuwa linafunguliwa hata mchana, joto likiingia lote. Félicité alikuwa kwenye benchi, akinywa maji ya Morgan. Morgan mwenyewe alikuja kuazima kitabu.

"Ejok, Wakili!" alisalimia kwa Kiturkana. "Asante kwa zawadi."

"Haikuwa zawadi."

"Sasa mbona uliikataa? Ama uliwaogopa hao wa Nairobi?"

Chepkirui alimpa kitabu, akamwomba asikunje kurasa.

Kuna siku Chepkirui alifurahi. Morgan alimsomea hakimu hukumu mbili alizopewa na programu ya akili bandia kwenye simu yake, na hakimu alipozitafuta akakuta hazikuwahi kuwepo. Morgan alikaripiwa mbele ya watu wote. Chepkirui alirudi ofisini akiimba, akaninunulia soda. Lakini jioni, tukifunga milango, alikuwa amenuna tena.

"Mimi ningezisoma kwanza," alisema. "Félicité angekuwa na wakili anayesoma."

Hata hivyo Morgan hakulala. Alienda Kakuma mwenyewe, akazunguka gereji hadi akampata fundi aliyelihudumia lile lori, naye akaja mahakamani kueleza hali ya breki zake. Siku ya hukumu Morgan alishinda. Magloire alitoka kwa magongo, watu wakimpigia makofi, na Félicité akatupita pale ukumbini kama watu asiowajua. Kwenye ngazi, Morgan alikuwa anahojiwa na redio.

Chepkirui alisimama juani akayasikiliza mahojiano yote.

"Hata tai hajui kufunga," alisema.

Tulitembea kurudi ofisini kwa miguu. Mwaka mzima sikuwa nimemuuliza jambo lolote lisilohusu kazi, kwa woga wangu tu. Siku hiyo niliuliza. Josiah hakumlipa, hakufungua faili kwetu, na mwishoni alimkimbilia mtu mwingine. Kama angeichukua tu kesi ya Félicité, nani angejua?

"Josiah angejua," alisema. "Aliniuliza kama wakili wake, nikamjibu kama wakili wake; siwezi tena kusimama dhidi yake. Kesi niliitaka. Hata sasa naitaka."